Gari Linachemsha, Maji Yanachemka

Katika vichochoro vya Gerezani, mwendo mfupi tu kutoka soko kuu la Kariakoo, hutalisikia neno "halijoto". Utalisikia redioni kwa watabiri wa hali ya hewa, utalikuta katika vitabu vya fizikia vya sekondari, na ukifungua kamusi utaliona limekaa kwa heshima zake zote. Lakini mbele ya boneti iliyofunguliwa, mafundi hawana haja nalo. Wanacho kitenzi kimoja kinachowatosha: kuchemsha. "Gari inachemsha," atasema fundi huku akipangusa mikono kwa tambara, na mwenye gari ataanza kuhesabu fedha zake moyoni.

Kitenzi hiki, ndugu msomaji, kimenishughulisha kwa muda mrefu. Maji huchemka. Mpishi huchemsha maji. Kauli ya kutendesha hudai yambwa, na mwanafunzi yeyote wa sarufi atauliza: gari linachemsha nini? Fundi hatakujibu. Gari lake linachemsha tu, bila yambwa, kama mtu aliyelaumiwa kwa kosa lisilotajwa. Na ukitoka gereji ukaingia mtaani utakikuta kitenzi kile kile kimevaa nguo nyingine. Mchezaji aliyekosa penalti amechemsha. Mwanafunzi aliyefeli amechemsha. Mshairi aliyesahau ubeti wa pili mbele ya hadhira naye amechemsha, na hakuna anayeuliza amechemsha nini. Napenda kuamini kwamba neno lilitoka jikoni, likapitia gereji, ndipo likafika kwenye aibu.

Mwaka jana niliishi na kitenzi hiki kwa karibu mwezi mzima, kwa mikono yangu badala ya kalamu, kwa sababu ya gari la Baba Mkubwa.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000 la mwaka 1964, umri mmoja na Muungano. Baba Mkubwa alilinunua kwa mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akirejea kwao mwanzoni mwa miaka ya sabini. Waliolibuni, wakiongozwa na Alec Issigonis, walilizindua mwaka 1948, na likawa gari la kwanza la Kiingereza kuvuka idadi ya milioni moja. Ni gari la duara, la unyenyekevu, lenye sura ya mtu anayekaribia kutabasamu. Dashibodi yake haina maneno mengi. Katikati kuna saa moja kubwa ya mwendo, ndani yake kipimo kidogo cha petroli, na taa chache za onyo. Dereva haambiwi lolote kuhusu joto la maji. Mbunifu wa Kiingereza alikuwa na hofu nyingine: maji yake kuganda usiku wa Januari. Hakuwaza foleni ya Barabara ya Morogoro mwezi wa Februari, saa nane mchana, nyuma ya lori la kokoto.

Kwa zaidi ya miaka arobaini Baba Mkubwa hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na pua. Maji ya rejeta yaliyochanganywa na kulanti yakianza kuvuja kwa joto hutoa harufu tamu, kama sharubati iliyosahauliwa motoni, naye aliinusa kabla ya abiria yeyote kuhisi kitu. Alikuwa na masikio pia. Injini iliyopata joto kupita kiasi hugonga kwa ndani inapopanda mlima, na feni hubadili sauti. "Linanong'ona," angesema, kisha angesogea pembeni, azime, afungue boneti, asubiri. Hakugusa kifuniko cha rejeta mpaka amalize kusoma gazeti. Sisi watoto tulioketi kiti cha nyuma tulijifunza subira kwa njia hiyo, na baadhi yetu tulijifunza kusoma.

Lakini pua huzeeka, na masikio nayo. Mwaka juzi, pale Jangwani, gari lilichemsha katikati ya foleni na Baba Mkubwa hakujua mpaka mvuke ulipomficha kioo. Gasketi ya kichwa cha injini iliungua. Kichwa chenyewe kilipinda, kikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa. Hayo yote yana dawa. Lililokosa dawa ni kikao cha ukoo kilichofuata, ambapo watu wazima wenye nia njema walizungumza kuhusu mzee aliyekuwapo chumbani kana kwamba hayupo. Wengine walitaka gari liuzwe. Wengine walitaka litafutiwe dereva. Nikasema tulifunge geji ya joto la maji, mzee aone kwa macho kile ambacho pua haimwambii tena. Macho yake bado ni mazima; husoma gazeti bila miwani hadi leo.

Nilidhani nimemtetea. Yeye aliniangalia kwa muda, akasema: "Kwa hiyo mnanifunga kengele, kama mbuzi."

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalifurahia. Baba Mkubwa ni mtunzi. Ni wa madhehebu ya Kaluta Amri Abedi, yule mshairi aliyepata pia kuwa Meya wa jiji hili, na kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kimo nyumbani kwetu, jalada likiwa limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Ukimsomea shairi lisilo na vina atasikiliza kwa adabu, kisha atauliza shairi linaanza lini. Mizani huihesabu kwa vidole, akianzia na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na mstari wenye silabi kumi na saba humkosesha raha kama mchanga ndani ya kiatu. Mtu huyo, asiyekubali mstari usiopimwa, ndiye aliyekataa injini yake kupimwa. Nilimkumbusha kwamba mizani ni kipimo. Akajibu kwamba mizani aliichagua mwenyewe.

Sikuwa na jibu, lakini siku mbili baadaye akanirushia ufunguo na kusema niende Gerezani, "ukaone hiyo kengele ni ya bei gani."

Kariakoo, kama wengi wenu mnavyojua, ni neno lililopita katika karakana. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, na mahali kilipoweka kambi pakabaki na jina hilo likiwa limenyooshwa kwa ulimi wa Kiswahili: konsonanti zimepatiwa irabu, kila silabi imefunguliwa mwishoni. Gerezani jirani yake ina gereza ndani ya jina, na wanaisimu hulihusisha gereza na neno la Kireno la kanisa. Basi mtu akitaka kuona jinsi lugha yetu inavyopokea vitu vya wageni na kuvifanyia kazi upya, aende huko. Atakuta rejeta, gasketi, themostati, plagi, klachi, na vyuma vyenyewe vimelazwa juu ya maturubai, vingine vimetoka kwenye magari ambayo hakuna anayekumbuka majina yake.

Duka la kwanza lilinionyesha geji mpya, ya tarakimu nyekundu zinazowaka, nyepesi kama kiberiti. Fundi niliyefuatana naye, mtu mfupi wa makamo anayemwita Baba Mkubwa "Mzee wangu" na kunishikia mimi "mwalimu", aliigeuza mara moja na kuirudisha kaunta. Magari mengi tunayoyaona barabarani leo ncha hasi ya betri ndiyo hufungwa kwenye bodi. Morris la Baba Mkubwa ni la kizamani: ncha chanya ndiyo iliyo bodini. Geji ya namna ile ikifungwa humo kama inavyotarajia, umeme utaiingia kinyumenyume na pengine kuiua kabla haijatamka namba ya kwanza. "Hii haijui lugha ya gari yenu," alisema fundi. Neno ni lake, sikumtia mdomoni.

Tulizunguka asubuhi nzima. Hatimaye, katika lundo la spea kuukuu, tukaipata: geji ya Smiths, ya Uingereza, uso mweusi, mshale mweupe, na kutoka mgongoni mwake mrija mwembamba wa shaba mrefu kupita urefu wa mtu, ukiishia kwenye kichupa cha shaba kinene kama kalamu. Muuzaji alitaka 60,000. Tulipeana mikono kwa 35,000, baada ya fundi kutangaza mara tatu kwamba tunaondoka na kuondoka kweli mara moja.

Chombo hiki hakihitaji umeme kabisa, na nilipoelezwa kinavyofanya kazi nilitamani kukaa chini. Ndani ya kichupa mna etha, kimiminika chepesi kugeuka mvuke. Kichupa kikizama katika maji ya moto, mvuke wa etha husukuma. Msukumo husafiri ndani ya mrija mpaka kwenye geji, ambako kuna bomba bapa lililopindwa kama mundu. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyesajili ubunifu wa bomba la aina hiyo mwaka 1849. Bomba likijazwa msukumo hujaribu kunyooka, na kule kunyooka kwake kidogo ndiko kunakouzungusha mshale. Hakuna waya wala betri. Joto la injini linafika mbele ya macho ya dereva kwa kusukumana tu, kama habari inavyopita msikitini safu kwa safu. Udhaifu wake ni mmoja: mrija ukikatika, etha huponyoka na geji hufa. Hakuna fundi wa kuifufua pale kando ya njia.

Sasa, geji kuukuu ni sawa na shahidi mzee, lazima umjaribu kabla hujamwamini. Fundi hakwenda maabara. Alikwenda kwa mama lishe aliye jirani na gereji yake, akamsalimu, akamwomba aazime sufuria ya maji iliyokuwa ikitokota kwa ajili ya ugali, akaosha kichupa mara mbili mbele yake ili asigombane naye, na kukitumbukiza. Hapo ndipo jiografia ya jiji letu inapofaa. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi bila mjadala. Arusha, kwa ule mwinuko wake, yangechemka mapema, kwenye nyuzi kama 95, na jaribio lingehitaji hesabu. Geji yetu inasoma kwa Fahrenheit, ambako mchemko ni 212. Mshale ulipanda taratibu, ukatetema, ukasimama 205.

"Inaiba saba," alisema mama lishe, aliyekuwa akitazama kwa makini kuliko sisi. Anajua mizani pungufu. Ananunua unga kila siku.

Basi tukakubaliana kwamba kila tutakachosoma tutaongeza saba. Fundi alinieleza kwamba kosa lisilobadilika si kosa kubwa. Angeogopa geji ambayo leo inaiba saba na kesho inaongeza kumi.

Neno "nyuzi" nimelitumia hapo juu kama mnavyolisikia redioni, na naomba nikae nalo kidogo. Uzi ni wa cherehani. Nyuzi ni za gitaa na zeze. Nyuzi ni za pembe katika hesabu: pembe mraba ina nyuzi tisini. Nyuzi ni za joto pia, na waandishi wengine wameyaunganisha maneno kuwa nyuzijoto. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba neno moja limebebeshwa mizigo mingi mno. Mimi, nikiwa nimeushika ule mrija mwembamba wa shaba mkononi, niliona halijabebeshwa chochote. Joto la injini lilikuwa linakuja kwangu kwa uzi.

Swali lililobaki ndilo lililotugharimu wiki mbili: kichupa kikae wapi?

Mtu asiye fundi, kama mimi, hudhani joto la injini ni moja, kwa hiyo popote utakapochomeka utapata jibu. Sivyo hata kidogo. Maji huzunguka ndani ya injini, yakifika juu hukuta mlango uitwao themostati. Ndani ya mlango huo mna nta. Nta ikipata joto la kutosha, kwenye gari letu nyuzi 82 za Selsiasi, huvimba na kuusukuma mlango wazi, na maji hupita kwenda kwenye rejeta kupozwa. Kabla ya hapo mlango umefungwa. Njia rahisi, ambayo gereji mbili tulizopita zilitushauri, ni kukata hosi ya juu iendayo kwenye rejeta na kupachika kipande cha bomba chenye tundu la kichupa. Kazi ya saa moja. Lakini hosi ile iko nje ya mlango. Siku themostati itakapogoma kufunguka, maji yatachemka ndani ya injini huku kichupa kikiwa kimekaa nje, kwenye maji yaliyosimama, kikituma habari za amani. Mshale utaonyesha ubaridi na gari linakufa.

Fundi wangu alikataa katakata. Alisema geji lazima ikae upande wa ndani, walipo wenye shida.

Kwenye vichwa vingi vya injini za ukoo huu kuna mahali pa kuchomeka, chini tu ya nyumba ya themostati. Kichwa chetu kilikuwa na uvimbe wa chuma mahali hapo, lakini kiwandani hawakuutoboa. Kuutoboa kwa keekee kichwa kikiwa bado juu ya injini kungemwaga chenga za chuma kwenye njia za maji. Kukivua upya kungemaanisha gasketi nyingine na kikao kingine cha ukoo. Tukachagua njia ya tatu: bamba la aluminiamu lenye unene wa kidole, lililokatwa kwa umbo la nyumba ya themostati, lilale kati yake na kichwa, na ubavuni mwake ndimo kichupa kiingie. Kwa hiyo maji yatakipita kichupa kabla ya kufika mlangoni.

Bamba lilitengenezwa na mtu wa mashine ya kukereza, kijana mwenye subira ya ajabu, ambaye taabu yake kubwa ilikuwa meno ya nati. Gari la Morris limezaliwa katika inchi. Kariakoo ya leo, iliyojaa magari ya Kijapani, inaishi katika milimita. Chombo cha kukatia meno yanayolingana na nati ya kichupa, inchi 5/8, kilitafutwa siku nne, kikapatikana kwa mzee mmoja aliyekihifadhi ndani ya soksi yenye grisi. Mzee huyo hakutaka malipo. Alitaka aambiwe gari ni la mwaka gani.

Boriti ndogo tatu zinazoshika nyumba ya themostati zilikuwa hazijasogea kwa miongo mingi, na chuma na aluminiamu vikikaa pamoja kwenye unyevu wa pwani hushikana kama ndugu waliogombana na watu wengine. Fundi alizilowesha mafuta ya taa kwa siku mbili, akizigongagonga kwa nyundo ndogo kila apitapo. Ya tatu ilitoka ikilia. Nilipochungulia ndani ya njia ya maji niliona kitu kilichonikumbusha nyumbani: ukoko. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na miaka ya kuongezea rejeta kwa maji yoyote yaliyopatikana ilikuwa imeacha tabaka gumu la kijivu kwenye kuta, sawa na lile la chini ya sufuria ya wali, isipokuwa hili halina anayeligombea. Ukoko huzuia joto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji. Tulisafisha kadiri tulivyoweza, na huenda usafi huo ulilifaa gari kuliko geji yenyewe. Fundi alisema hivyo waziwazi, ingawa alikuwa akilipwa kwa ajili ya geji.

Ufungaji wenyewe ulichukua alasiri moja. Maji yakamwagwa, bamba likakaa, kichupa kikazama, nati ikakazwa. Mrija ukapitishwa kwenye ukuta wa injini ndani ya kipande cha mpira ili usisuguke. Karibu na injini fundi aliuzungusha mizunguko mitatu, mipana kama bangili, kwa sababu injini hutikisika na bodi imetulia, na mrija ulionyooka kati ya viwili hivyo ungekatika ndani ya mwezi. Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, akisimamia. Alikuwa ametoa sharti moja tu: dashibodi isitobolewe. Geji ikaning'inizwa chini yake, kwenye kipande cha bati kilichopakwa rangi ya gari, ili siku moja iweze kuondoka bila kuacha kovu.

Jioni ile tulilipeleka gari penye mtihani wake, Mtaa wa Msimbazi, saa kumi na moja, watu wakitoka kazini na mikokoteni ikikata mbele yetu. Likitembea, mshale ulisimama 175. Ongeza saba, ni 182, karibu kabisa na joto la ile nta. Foleni ilipotushika, ulianza kupanda. 185. 190. 195. Nilikuwa natokwa jasho kuliko gari. Kifuniko cha rejeta chetu hubana maji kwa paundi 7 kwa inchi ya mraba, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye 212 bali kwenye 230 na ushei, kwa hiyo tulikuwa salama kwa mbali. Nilijua hesabu hiyo, na bado mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Baba Mkubwa aliutazama mshale, akatega sikio, akautazama tena. Nilitambua anachofanya. Alikuwa analinganisha nakala mbili za shairi moja, ile anayoikumbuka na ile iliyochapishwa.

Njiani kurudi alisema neno ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Aliuliza: "Maji yakiisha je?"

Nikamwambia fundi alikuwa amenionya kuhusu hilo. Kichupa hupima kile kinachokigusa. Hosi ikipasuka na maji yote yakamwagika, kichupa kitabaki hewani, na mshale unaweza hata kushuka, wakati injini inaungua. Geji husema kweli maadamu kuna maji.

"Basi ni kama mizani," alisema. "Nimeona mashairi mengi yaliyotimia mizani na ndani hamna maji."

Yeye, wa madhehebu ya Kaluta! Nilikaribia kusimamisha gari nimwombe arudie. Sidhani kwamba ameiasi kambi yake. Wiki iliyofuata alikuwa akiwabeza tena watunzi wa mashairi huru, na Kichomi cha Kezilahabi hakijapata nafasi kwenye rafu yake hadi leo. Lakini kengele ya mbuzi haikutajwa tena. Na siku chache kabla ya safari ya Bagamoyo, ambako mjukuu wake alikuwa anaolewa, alinipa karatasi yenye ubeti mmoja. Ninauweka hapa kwa idhini yake:

Sikio ni geji yangu, tangu ujana hakika,
Na pua mlinzi wangu, moshi ukinukanuka,
Leo kwa umri wangu, vyote viwili vyachoka,
Mshale uwe mwenzangu, unijuze yachemka.

Nilimdokeza kwamba "hakika" katika mstari wa kwanza imeletwa kujaza kina. Akasema kina kimejaa, tatizo langu ni nini. Zaidi ya hapo nampongeza. Angalieni jinsi "m" inavyofanya kazi ya silabi kamili mara nne: u-m-ri, m-li-nzi, m-sha-le, ya-che-m-ka. Mtu anayehesabu kwa macho atadhani mistari imepungua. Ukihesabu kwa vidole, kuanzia kidole kidogo cha kushoto, yote imetimia. Na angalieni kitenzi cha mwisho. Fundi angesema inachemsha. Baba Mkubwa amekirudisha kwenye maji: yachemka. Nilimuuliza kama alifanya hivyo kwa makusudi au kwa ajili ya kina. Alisema maji ndiyo yanayochemka, gari halina kosa.

Bagamoyo alikwenda akiendesha mwenyewe, kilomita kama 70, wajukuu wawili nyuma na mimi pembeni. Bunju palikuwa na foleni. Mshale ulipofika 205, yaani 212 ya kweli, alisogea pembeni bila kuambiwa na mtu, akazima, akatoa gazeti. Wajukuu waliuliza kama gari limeharibika. Aliwaambia hapana, linapumzika, na akampa mkubwa wao ukurasa wa michezo.

Tangu hapo nimekuwa nikikusanya majina ya kitu hiki. Gerezani ni "geji ya maji" au "geji ya joto", na wengine husema "mshale" tu: "Mshale umepanda." Vitabu vitasema kipimajoto, lakini kipimajoto nijuavyo mimi ni kile cha kwapani hospitalini. Mrija wa shaba haukuwa na jina kwa mtu yeyote niliyemuuliza. Fundi aliuita "mkia". Wasomaji wa Mombasa na Unguja, na ninyi mlio Muskati ambako magari ya zamani yanatunzwa kama farasi: mafundi wenu wanauitaje?